Kiingereza kwa amri, bila hadithi: watoto wa jirani zetu wanasoma wasichokielewa

JULAI 2023 nilikuwa kwenye foleni katika kituo kimoja cha mpaka wetu wa magharibi, nikirudi nyumbani. Mbele yangu alisimama mama mmoja mfanyabiashara na matenga manane ya nyanya, pamoja na mwanawe wa kiume. Kwa mazungumzo ya foleni nilifahamu kwamba mama huyo ni Mrundi aliyeishi kambini mkoani Kigoma kwa miaka mingi, akarejea kwao, na sasa analea watoto wake kwa kuvusha bidhaa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kasulu kabisa. Kijana alikuwa amemaliza mwaka wa tisa wa shule.

Ukutani palikuwa na tangazo jipya, kwa Kiingereza peke yake. Mama akamgeukia mwanawe: "Tusomee, wewe ndiye msomi wetu."

Kijana akasoma. Alisoma bila kukwama, kwa sauti, matamshi yamenyooka mithili ya mtangazaji wa redio. Watu waliokuwa nyuma yetu walinyamaza kumsikiliza. Mama akauliza, "Linasema nini?" Kijana akatazama tena ukutani, kisha akajibu: "Linasema mizigo haitatolewa."

Mama hakuuliza la pili. Alitoka kwenye foleni, akawaita wabeba mizigo, wakaanza kugeuza matenga.

Nilipofika karibu na ukuta nikasoma mwenyewe. Tangazo halikusema hivyo. Lilisema mizigo haitatolewa isipokuwa mwenye mzigo aonyeshe stakabadhi ya malipo. Nikatoka mbio kumtafuta. Nilimkuta kwenye baiskeli, na stakabadhi anayo, ameifunga kwenye pindo la kanga. Tuliporudi dirisha lilikuwa limefungwa. Ilikuwa Ijumaa jioni. Jumatatu alinipigia simu kunieleza kwamba nusu ya nyanya zilikwisha kuwa maji.

"Baba, nimemsomesha miaka tisa," alisema. "Sasa huko shuleni alikuwa anasoma nini?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu mama huyo. Swali lake si la familia moja. Ni swali ambalo serikali za nchi jirani zetu karibu zote zinapaswa kulijibu, na sisi Watanzania hatuko nje ya swali hilo.

Neno lililomponza kijana yule ni dogo: "unless". Alilitamka vizuri kuliko mimi. Alichokosa ni kujua kazi yake ndani ya sentensi, kwamba neno hilo linageuza katazo kuwa sharti. Kusoma maneno na kuelewa maneno ni mambo mawili, na shule zetu zimekuwa zikipima la kwanza na kudhani zimepima la pili.

Tuanze na historia fupi, kwa sababu tatizo hili limejengwa na maamuzi ya kisiasa.

Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Sababu zilikuwa wazi. Rwanda ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, biashara yake ilielekea Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na uhusiano wake na Ufaransa ulikuwa umevunjika tangu mwishoni mwa 2006. Aidha, wengi wa waliorejea baada ya 1994 kutoka Uganda walisoma kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata walimu waliosomea Kifaransa tangu utoto wakajikuta mbele ya ubao wakifundisha hisabati na sayansi kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wanaanza kujifunza. Mwaka 2011 serikali ikarudisha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya mwanzo. Desemba 2019 ikatangaza tena kwamba Kiingereza kianze darasa la kwanza.

Burundi, iliyoingia katika Jumuiya siku moja na Rwanda, iliweka Kiingereza na Kiswahili katika shule za msingi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Lugha nne kwa mtoto mdogo. Mwaka 2014 sheria ya nchi hiyo ikafanya Kiingereza kuwa lugha rasmi.

Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011, katiba yake ya mpito iliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Maelfu ya watoto waliorudi kutoka Khartoum walikuwa wamesoma kwa Kiarabu. Walifika Juba wakiwa na vyeti vya darasa la sita au la saba, lakini mbele ya kitabu cha Kiingereza walikuwa kama wa darasa la kwanza.

Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya Kifaransa na ya Kiswahili katika majimbo yake ya mashariki, iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Mfanyabiashara wa Uvira au Bukavu naye sasa anakutana na karatasi za Kiingereza kuliko zamani.

Walioumia zaidi katika mabadiliko haya ni waliorejea makwao. Chukua wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliokaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma kwa mtaala wa Tanzania, yaani Kiswahili katika shule ya msingi na Kiingereza sekondari. Tanzania ilipowapa nafasi ya kuchagua, zaidi ya 160,000 walipewa uraia na takriban 50,000 wakarudi Burundi kuanzia mwaka 2008. Watoto wa hao waliorudi walikuta shule za Kirundi na Kifaransa. Kwa upande wa pili, watoto wa makambi ya Kigoma yaliyofunguliwa katika miaka ya 1990 walifundishwa mtaala wa Burundi wakiwa ndani ya Tanzania, ili wakirudi wasipate shida. Walirudi, wakakuta nchi inajisogeza kwenye Kiingereza. Kila kundi liliandaliwa kwa nchi ambayo haikuwapo tena walipofika.

Sipingi Kiingereza. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 ulikitaja kuwa lugha rasmi, na Kiswahili ukakiweka kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano ya watu. Anayevusha bidhaa anajua maana yake kwa vitendo. Ipo hati rahisi ya uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, iliyowekwa mahsusi kumrahisishia mfanyabiashara mdogo. Lakini asiyeweza kuisoma humlipa mtu wa kumsomea, na anayemsomea ndiye anayepanga bei.

Ninachopinga ni imani kwamba lugha inaingia kwa waraka wa serikali. Amri inaweza kubadili lugha ya mtihani katika siku moja. Haiwezi kumpa mtoto maelfu ya sentensi anazohitaji kukutana nazo ili lugha hiyo imkae kichwani. Sentensi hizo lazima zitoke mahali fulani.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, mtoto wa Ngozi, wa Kirehe au wa Ngara anakutana wapi na Kiingereza? Nyumbani hakuna. Sokoni hakuna. Anakutana nacho ubaoni, katika maelezo mafupi ambayo mwalimu huandika na mwanafunzi hunakili: maana ya usanisinuru, sifa tano za mto, sababu sita za ukoloni. Hiyo ni lugha ya orodha. Mtoto huikariri, huirudisha kwenye mtihani, kisha huisahau. Ndani ya orodha hakuna anayekasirika, hakuna anayeahidi, hakuna anayebadili mawazo. Kwa hiyo hakuna haja ya maneno kama "unless", "although" na "until", ambayo ndiyo mishipa ya lugha.

Hadithi ni kitu kingine. Fikiria hadithi ya kurasa ishirini tu. Binti anataka kwenda ngomani. Mama yake anamwambia hatoki isipokuwa mtungi umejaa maji. Kisima kimekauka. Binti anakwenda kwa jirani waliyegombana naye, naye anasema hatampa maji isipokuwa aombwe radhi. Kufikia ukurasa wa kumi mtoto anayesoma ameliona neno lile mara nne, na kila mara limebeba jambo analolijali, kwa sababu anataka kujua kama binti atafika ngomani. Hakuna aliyemfundisha sarufi. Lakini mtoto huyo akikutana na tangazo la stakabadhi, anajua kwamba baada ya katazo kuna mlango, na anautafuta.

Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi za kubuni kwa anayejifunza lugha ya kigeni. Maneno yaleyale yanarudi katika hali mbalimbali. Jambo la ukurasa wa pili linahitajika ili kuelewa la ukurasa wa tisa, hivyo akili inazoea kushika mambo na kuyaunganisha. Msomaji analazimika kujua nani amesema, kwa nini, na kama anasema kweli. Zaidi ya yote, anataka kuendelea. Kitabu cha kiada husomwa kwa kuwa kuna mtihani, na mtihani ukiisha husomwi tena.

Haya si maoni yangu tu. Mwaka 1980 katika visiwa vya Fiji, nchi ambayo watoto wake huongea Kifiji au Kihindi nyumbani na Kiingereza shuleni, watafiti wawili, Warwick Elley na Francis Mangubhai, walifanya jaribio katika shule za vijijini. Kila darasa la nne na la tano katika shule zilizochaguliwa lilipelekewa vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza, vyenye picha na visa vya kuvutia watoto. Baadhi ya madarasa yalipewa muda kila siku watoto wasome kimya wanachokipenda. Mengine mwalimu aliwasomea na kuzungumza nao kuhusu hadithi. Kundi la tatu liliendelea na masomo ya kawaida ya sarufi na mazoezi ya kurudia sentensi.

Baada ya mwaka mmoja, watoto waliopewa hadithi walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kuelewa kwa kasi karibu mara mbili ya wenzao. Jambo la kuzingatia zaidi ni mwaka wa pili: faida ilikuwa imesambaa hadi kwenye uandishi na sarufi, yaani kwenye yale ambayo kundi la tatu lilikuwa likifundishwa moja kwa moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983.

Shule zile hazikuwa za matajiri, wala walimu hawakuwa Waingereza. Walikuwa walimu wa vijijini wenye lugha zao. Kwa nchi kama Rwanda, ambako mwalimu naye alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza, hili lilikuwa na maana kubwa. Mwalimu asiyejiamini kwenye lugha huwapa watoto makosa yake. Akiwa na hadithi iliyoandikwa vizuri, yeye na watoto wake wanajifunza pamoja kutoka kwa mwandishi anayeijua lugha.

Tanzania tulipewa somo hili mapema. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha shule zetu za sekondari na kuona kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na kiwango cha kuwawezesha kusoma masomo kwa lugha hiyo. Baadaye Uingereza ikagharimia mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na sehemu yake muhimu ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa ngazi, kutoka vyepesi hadi vigumu.

Nilipoanza kufundisha Kiingereza sekondari nilivikuta vitabu vya namna hiyo katika shule yetu. Vilikuwa kabatini, vimefungwa kwa kufuli, visafi kama vilivyotoka kiwandani. Mkuu wetu alikuwa mtu mwaminifu. Aliogopa vikipotea atadaiwa. Kila mwisho wa mwaka alivihesabu, vikatimia, akaandika ripoti nzuri. Hakuna mwanafunzi aliyevisoma.

Nami sikuwa bora sana. Nilipoomba funguo na kupewa, nilichagua riwaya ngumu, kwa kuwa niliona aibu kuwapa vijana wa kidato cha pili kitabu cha kitoto. Tulisoma kurasa nne kwa mwezi. Kila mstari nilieleza maneno matano. Walinichoka na kukichoka kitabu. Mwaka uliofuata nikateremka. Nikawapa kidato cha kwanza vitabu viwili vya Richard Mabala, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer. Vinahusu watu wa hapa hapa: dereva mwanamke wa basi, na mwanamume wa mjini anayelazimika kurudi kwenye jembe. Wiki ya pili nilimkuta mwanafunzi akisoma chini ya mwembe wakati wa mapumziko, akicheka peke yake. Katika miaka yangu yote ya kufundisha nilikuwa sijaona mtu akicheka na kitabu cha Kiingereza.

Kwa hiyo nayasema masharti yafuatayo nikiwa nimekosea kwanza.

Sharti la kwanza ni urahisi. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili msomaji aelewe vizuri hadithi bila msaada, anapaswa kujua maneno kama 98 kati ya kila 100 yaliyomo. Maana yake ni kwamba ukurasa wenye maneno 200 usiwe na mageni zaidi ya manne hivi. Mzazi anaweza kupima kwa vidole: mtoto akunje kidole kimoja kwa kila neno asilolijua katika ukurasa mmoja. Mkono mzima ukikunjika, kitabu hicho kingoje.

Sharti la pili ni wingi. Riwaya moja kwa mwaka haitoshi. Bora vitabu vyembamba thelathini vinavyozunguka darasani kuliko kitabu kimoja kinene chenye heshima.

Sharti la tatu ni kuacha kumhoji mtoto kila ukurasa. Maswali ya ufahamu yana mahali pake, lakini hadithi ikigeuzwa mtihani inakufa. Inatosha kumwambia mtoto, "Nihadithie," kwa lugha yoyote. Akisimulia vizuri kwa Kirundi, Kinyarwanda au Kiswahili alichokisoma kwa Kiingereza, ameelewa. Akisimulia vibaya, utaona mwenyewe alipopotelea. Kijana wa nyanya angeulizwa hivyo darasani hata mara moja kwa wiki, kosa lake lingeonekana kabla halijafika mpakani.

Sharti la nne ni la kwanza kwa umri: mtoto asome kwanza lugha anayoijua. Anayeelewa hadithi kwa lugha yake anakuwa tayari na kazi ya kuelewa, kilichobaki ni maneno. Ndiyo maana Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa nchini mwetu mwaka 1991, uliopeleka vitabu vya hadithi za Kiswahili katika shule za msingi, ulikuwa unaisaidia pia siku ya Kiingereza, hata kama haukuundwa kwa ajili hiyo. Na ndiyo maana uamuzi wa Rwanda wa 2019, wa kuanza na Kiingereza tangu darasa la kwanza, unanitia wasiwasi.

Najua yatakayosemwa. La kwanza: hadithi ni mchezo, mtoto asome masomo. Jibu ni kwamba masomo hayo yameandikwa kwa Kiingereza. Asiyeelewa lugha ya swali la fizikia hafeli fizikia, anafeli kusoma, na matokeo yanaandikwa kwamba kafeli fizikia.

La pili: hadithi za Kiingereza zinaleta mila za kigeni. Hoja hii ina uzito pale vitabu vinapokuwa vya theluji na bustani za wafalme tu. Lakini eneo letu lina waandishi wake. Watoto wa Kenya na Uganda wa vizazi kadhaa walikulia kwenye visa vya Moses, mtoto mtundu wa shule ya bweni aliyebuniwa na Barbara Kimenye. Vijana wa miaka ya 1980 walipokezana vitabu vya Pacesetters vilivyoandikwa na Waafrika hadi vikachanika. Wengi wa wanaoandika Kiingereza kizuri leo mjini Kampala na Nairobi hawakukipata kwenye sarufi peke yake. Walikipata chini ya shuka, kwa tochi.

La tatu ni gharama, na hili ni la kweli. Maboksi ya vitabu hayagharimu kidogo. Lakini mambo yamebadilika tangu siku za kabati langu. Tangu 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umekuwa ukiweka kwenye intaneti hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika pamoja na Kiingereza, kwa ngazi, na kwa ruhusa ya kuzichapisha bure. Hadithi moja inaweza kupatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mtoto aisome kwanza kwa ile anayoijua, kisha aisome kwa ile anayojifunza. Kila mji wa mpakani una duka la kutoa fotokopi. Hadithi ya kurasa kumi na mbili haizidi bei ya soda mbili tatu, na watoto kumi wakiisoma inakuwa karibu bure.

Hapa nawageukia wanaovusha bidhaa, kwa sababu mna kitu ambacho wizara nyingi hazina: mnatembea. Anayetoka Mutukula, Kampala au Nairobi na mzigo wa nguo anapita kwenye meza za vitabu vilivyotumika. Vitabu vitatu vya hadithi havijazi hata pembe ya kiroba. Wanawake watano wa soko moja wakileta vitabu vitatu kila mmoja kwa mwaka, baada ya miaka miwili kuna maktaba ya vitabu thelathini chini ya meza ya mmoja wao. Visifungiwe. Vikichanika, ujue vimefanya kazi.

Kwa waliorejea makwao nina neno jingine. Watoto wenu wanahesabiwa nyuma shuleni kwa kuwa lugha zao haziendani na lugha ya darasa. Lakini mtoto aliyekwisha kuhama kutoka Kirundi kwenda Kiswahili na kurudi amefanya kazi ambayo mwenzake hajaifanya. Anajua kwamba jambo moja linaweza kusemwa kwa njia mbili. Huyo akipewa hadithi nyepesi husonga upesi. Msimrudishe madarasa matatu nyuma bila kwanza kumpa cha kusoma.

Kwa serikali za Jumuiya ombi langu ni dogo. Kabla ya waraka mwingine wa kubadili lugha ya shule, zihesabiwe hadithi ambazo mtoto wa darasa la nne anaweza kuzishika mkononi kwa lugha hiyo. Kama jibu ni hakuna, waraka usubiri vitabu. Na mwalimu aulizwe mwisho wa mwaka ni vitabu vingapi vimesomwa, si vingapi vimebaki.

Kuna jambo la mwisho ambalo haki inanitaka nilitaje. Kijana yule hakuwa na haja ya kujua "unless" siku ile kama tangazo lingeandikwa pia kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mtu kwenye foleni ile aliielewa. Kufundisha watoto Kiingereza hakuondoi wajibu wa ofisi kuongea na wananchi kwa lugha yao. Yote mawili yafanyike.

Baadaye nilimtumia yule mama nakala ya Mabala the Farmer kwa dereva wa lori la saruji. Miezi miwili ikapita, akanipigia. Aliniambia kijana anasoma usiku na kuwatafsiria wadogo zake kwa Kiswahili, na kwamba wanamkatisha kila mara kuuliza kwa nini Mabala kafanya hivi au vile. Halafu akampa kijana simu. Aliniamkia, akanyamaza, kisha akasema ana maneno kumi na moja ameyaandika kwenye karatasi hayajui. Nikamwambia ayasome. La kwanza lilikuwa "although".